Maswali ya Wasomaji: Mzee Anasema Hivi, Bunduki Inasema Vile

Katika toleo lililopita niliandika, karibu kwa kupita tu, kwamba ninapoletewa bunduki ya zamani pamoja na maelezo ya vita iliyopitia, huitazama bunduki kwanza na kuyasikiliza maelezo baadaye. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yote. Nimechagua nne, mbili za Moshi na mbili za upande wa Arusha, nami nimezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Nyumbani kwetu kuna bunduki ya .303 ambayo marehemu baba aliimiliki kwa leseni, na sasa kaka yangu anaimiliki kwa kibali chake mwenyewe. Baba alikuwa akisema kwamba babu yetu, aliyekuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alirudi nayo kutoka Burma mwaka 1945. Baba mdogo anakataa. Anasema ni ya zamani zaidi, na kwamba baba wa babu aliipata katika vita vya Tanga mwaka 1914. Kwenye chuma cha shingo ya kitako kuna taji, herufi GR, neno ENFIELD, mwaka 1917, na maandishi SHT.L.E. III yenye nyota mbele yake. Kuna pia vimishale viwili vinavyogusana kwa ncha. Namba ya bolti si sawa na namba ya bunduki, na ubao wa mbele umekatwa. Mgeni mmoja ametuambia kwamba atalipa zaidi historia yake ikithibitishwa. Tumwamini baba au baba mdogo?
R. M., Kibosho, Moshi

JIBU: Asante kwa kunakili chapa kwa uangalifu kiasi hicho, hata nyota hukuiacha. Nyota hiyo ndogo na vile vimishale vitatusaidia kuliko kitu kingine chochote katika barua yako.

Nianze na baba yako mdogo, tena nianze kwa kumtetea, kwa sababu watu wengi wangemcheka mahali asipostahili kuchekwa. Mwaka 1914 Moshi ilikuwa chini ya Wajerumani, na ilibaki hivyo mpaka Machi 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoingia. Kwa hiyo mtu wa Kibosho aliyekuwa Tanga mwezi Novemba 1914, awe askari au mpagazi, kwa uwezekano mkubwa alikuwa upande wa Mjerumani, na msikilizaji ana haki ya kuuliza bunduki ya Mwingereza aliitoa wapi. Jibu ni kwamba angeweza kuipata palepale Tanga. Waingereza walishindwa, wakarudi melini wakiacha mamia ya bunduki, shehena ya risasi na bombomu kadhaa, kama wazee walivyoziita bunduki za rashasha. Askari wengi wa Kijerumani wakati huo walikuwa bado wanatumia Mauser ya mwaka 1871, ambayo hupakiwa risasi moja moja na kutoa wingu la moshi wa baruti nyeusi linalomwonyesha adui mahali ulipojificha, na kwa hiyo silaha hizo mpya zilizotekwa ziligawiwa haraka kwa makampuni yao, yaani vikosi vyao vidogo. Sehemu hiyo ya maelezo ya baba mdogo ina mashiko kabisa.

Kinachomwangusha ni chuma chenyewe. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1917 haiwezi kutekwa mwaka 1914, na hata mwaka ungekuwa umefutika kwa kutu, nyota ingetosha. SHT.L.E. ni Lee-Enfield fupi, bunduki ya askari wa Uingereza, III ni toleo lake la tatu, na nyota iliongezwa kwenye jina hilo mwanzoni mwa 1916, vita vilipovilazimisha viwanda kurahisisha kazi: kile kibati cha upande wa kulia, ambacho askari alikisukuma kufunika mkebe wa risasi ili apakie risasi moja moja na kuhifadhi zilizomo mkebeni, kikaondolewa. Itazameni kaka yako akiwa ndiye aliyeishika, kwa kuwa kibali ni chake, na risasi zikiwa zimeondolewa. Juu kidogo ya mkebe mtaona ama mpasuo mwembamba usio na kibati, ama hakuna mpasuo kabisa. Baba mdogo anaweza kusema kwamba huenda kipande chenye chapa kilibadilishwa na fundi baadaye. Kwa bunduki nyingine hoja hiyo ingefaa, lakini shingo ya Lee-Enfield fupi si bati lililofungwa kwa skrubu. Ni chuma kimoja na mwili wa bunduki.

Je, baba ameshinda? Bado. Mwaka 1917 haumkanushi, kwa kuwa bunduki za toleo hili zilitumika katika vita vyote viwili vikuu, na Keya wa Tanganyika walikuwemo kweli katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na matope mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Lakini kutokanushwa ni kitu kimoja na kuthibitishwa ni kingine, na hapa ndipo vimishale vyako viwili vinapozungumza. Mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili inayokutana ncha kwa ncha ilipigwa serikali ilipoiuza silaha, ili yeyote atakayekutwa nayo asikamatwe kwa wizi wa mali ya jeshi. Bunduki yenu basi haikutoka jeshini mgongoni mwa mtu. Iliuzwa, kwa utaratibu na kwa chapa. Ubao uliokatwa nao unaelekea hukohuko, kwa maana kukata ubao wa mbele ili kupunguza uzito ndivyo bunduki nyingi za jeshi zilivyogeuzwa kuwa za kuwindia zilipoingia mikononi mwa raia, na mashamba ya walowezi kuanzia Moshi hadi Oldeani hayakukosa wateja wa bunduki za namna hiyo. Bolti yenye namba ngeni inaonyesha tu kwamba wakati fulani, ghalani au shambani, bunduki hii ilipata bolti ya mwenzake.

Ongeza jambo ambalo Keya yeyote angekwambia. Bunduki haikuwa yake. Aliandikiwa kwenye daftari, akaibeba, na siku ya kuachishwa jeshi akairudisha ghalani kabla ya kupewa cheti chake. Serikali ya kikoloni haikuwa na desturi ya kumwacha askari wa Kiafrika aende zake Kibosho na bunduki ya kivita begani.

Mnaweza kuniuliza kama babu alidanganya. Sidhani. Fikiria alivyolisema jambo lenyewe. Mzee ameketi kibarazani, bunduki imetolewa nje ili ipakwe mafuta, anaigusa na kusema, "Bunduki hii ndiyo niliyobeba Burma." Katika Kiswahili chetu sentensi hiyo ina maana mbili, yaani bunduki ya aina hii, na bunduki hii hii. Babu pengine alisema ya kwanza na mtoto wake wa miaka minane akasikia ya pili, au babu alisema "bunduki kama hii" na lile neno "kama", jepesi lilivyo, likadondoka njiani kati ya mwaka 1950 na leo. Nimekutana na kudondoka kwa "kama" mara nyingi kuliko nilivyokutana na uongo.

Kwa mgeni wenu mwambieni kilicho kweli: ni Lee-Enfield fupi ya mwaka 1917 kutoka Enfield, iliyouzwa na jeshi, ikageuzwa ya kuwindia, na ikakaa katika nyumba ya mtu aliyekuwa Keya. Kuna watu ambao wangeithamini hivyo. Asiwahimize kuandika karatasi inayosema zaidi ya hapo. Na kabla ya kuzungumza bei, kaka yako aende polisi aliposajiliwa aulize, maana silaha haihamishwi kwa makubaliano ya sebuleni kama inavyouzwa cherehani, na kuuzia mtu wa nje ni jambo jingine zito zaidi.

SWALI: Mimi ni askari mstaafu na ninaishi Monduli. Nilivuka Kagera na kikosi changu na nilikuwa Uganda mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na namba ya SMG niliyokabidhiwa ninaitaja hata ukiniamsha usiku wa manane. Wewe unaandika kwamba chuma kiulizwe kwanza na mtu baadaye. Je, unatuita waongo? Mtu ambaye hajawahi kulala amekumbatia silaha handakini anajua nini kuhusu silaha?
Mstaafu, Monduli

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa nimesimama.

Sikuwaita waongo, lakini nakiri kwamba niliandika kwa ufupi uliofanana na dharau. Nilichopaswa kuandika ni kwamba mpiganaji anajua mambo ya aina mbili kuhusu silaha, na sisi tunaomsikiliza huyachanganya. Aina ya kwanza ni yale ambayo mikono yake ilifanya kila siku: uzito, harufu ya mafuta, mahali panapokwama mchanga, jinsi ya kuifungua na kuifunga gizani, na namba, kwa sababu namba hiyo ndiyo uliyoulizwa kila ulipochukua na kurudisha silaha, na kuikosea kulikuwa na adhabu. Katika mambo haya ningemwamini mstaafu kuliko kitabu chochote. Aina ya pili ni yale aliyoyasikia: silaha ilitengenezwa wapi, ilifikaje, nani aliitumia kabla yake, ile ya adui ilikuwaje. Haya yalipita katika masikio ya kikosi kizima kabla ya kumfikia, na baada ya vita hukaa kichwani bega kwa bega na yale ya kwanza, yakiwa na rangi ileile na uhakika uleule.

Kuna kisa ambacho nakipenda kinachohusu mikono. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani Afrika Mashariki katika vita vya kwanza, malipo yaliyocheleweshwa tangu 1918. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, lakini ni wachache mno waliokuwa na vyeti walivyopewa siku zile. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa, na wengine hawakuwa na chochote. Ofisa wa benki aliyetumwa kulipa akapata wazo: kila mzee aliyekuja mbele alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Miaka 46 ilikuwa imepita. Ninaongeza haraka kwamba kisa hiki nacho ni simulizi, na mimi mwenyewe nakipokea kwa masharti yaleyale ninayowawekea wengine. Hata hivyo angalia kilichopimwa pale. Wazee hawakuulizwa Mauser zao zilitoka kiwanda gani. Waliulizwa kile ambacho miili yao isingeweza kukisahau.

Sasa chukua upande wa pili, mambo ya kusikia. Katika vita vya Tanga nyuki waliokuwa na mizinga yao mitini walichokozwa na risasi wakawavamia watu, na jambo hili ni la kweli, wala halina ubishi. Lakini askari wa Kiingereza waliotoka pale wakiwa wameumwa uso mzima walikuwa na hakika kwamba Mjerumani ndiye aliyewatega nyuki wale kama silaha, na habari hiyo ilisambaa mpaka Uingereza. Hawakuwa waongo. Waliona nyuki kweli, waliumwa kweli, na sababu wakaiongeza wenyewe.

Usidhani nami kwamba kitabu hushinda kila mara. Tuseme mzee wa zamani angemwambia mjuzi wa bunduki hivi: "Nilikuwa askari wa Mjerumani, na siku ya mwisho nilikuwa na bunduki ya Mreno." Mjuzi anayetegemea orodha ya silaha rasmi za Ujerumani angetikisa kichwa. Na mzee ndiye angekuwa sahihi. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akawapiga Wareno Ngomano na kujitwalia silaha zao, kisha akaendelea hivyo Msumbiji, akijilisha na kujizatiti kwa alichoteka. Alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zaidi ya 1,000 zilizowekwa chini zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Simulizi iliyosikika kama upuuzi ndiyo iliyokuwa kweli, na mtu aliyeikataa kwa haraka angekuwa amepoteza ushahidi adimu.

Kwa nini basi ninaendelea kutazama chuma kwanza? Kwa sababu ya soko, mzee wangu, wala si kwa sababu yenu. Wenzetu wa Marekani, ambako kukusanya bunduki za jeshi ni biashara kubwa, wameumizwa sana na jambo hili. Mtu hununua M1 Garand, bunduki ya askari wa Marekani wa vita vya pili, pamoja na maelezo kwamba mwenyewe aliibeba Normandy mwaka 1944, akifika nyumbani anasoma jina la kiwanda juu ya chuma, International Harvester, kampuni ambayo ilianza kutengeneza Garand katika miaka ya 1950. Mzee aliyeisimulia pengine alikuwa Normandy kweli. Alinunua Garand nyingine akiwa raia, kwa kuikumbuka ile ya kwanza, na baada ya kufa kwake watoto wakaziunganisha mbili kuwa moja. Ndiyo maana huko wakusanyaji huthamini zaidi karatasi ya jeshi iliyosainiwa na kamanda wakati uleule, ikitaja silaha iliyotekwa na mtu aliyeruhusiwa kurudi nayo. Bila namba ya silaha hata karatasi hiyo haitoshi, kwa kuwa inaweza kusafiri na bunduki isiyo yake.

Nawe umetaja kwamba unaikumbuka namba. Nakuomba usiiandike kwangu wala kwa mtu yeyote wa gazeti. Ila siku wajukuu wakikuzunguka, eleza mambo ya mikono, na useme waziwazi pale unapofika kwenye mambo uliyoyasikia: "Hili niliona. Hili niliambiwa." Mtu ambaye hajalala handakini atajifunza mengi kutokana na mpaka huo peke yake.

SWALI: Dalali mmoja hapa mjini amenionyesha picha za bunduki ya Mjerumani aina ya Mauser 98 yenye chapa ya herufi K.S., akisema ilifukuliwa katika shamba la mzee aliyekuwa askari wa Mjerumani huko Longido, na kwamba mjukuu wa mzee huyo yuko tayari kusimulia yote mbele ya kamera. Bei ni kubwa. Je, chapa hiyo ni ya kweli?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Chapa ya K.S. ipo, ilimaanisha jeshi la kifalme la makoloni, na Mauser 98 za jeshi hilo zenye chapa hiyo ni adimu. Kwa sababu hiyohiyo ndiyo chapa ambayo mtu mwenye nyundo, patasi za herufi na subira kidogo angependa kuipiga. Chapa ya kiwandani ilipigwa kabla chuma hakijatiwa rangi yake ya mwisho, kwa hiyo chini ya herufi mna rangi ileile na uchakavu uleule ulio pembeni yake. Herufi iliyopigwa juzi huwa na kingo kali zilizoinuka, na ukizitazama kwa kioo cha kukuzia unaona chuma cheupe ndani ya mfereji, au rangi mpya ya kuficha weupe huo. Katika picha ya simu huwezi kuona lolote kati ya hayo, na nadhani dalali anajua.

Halafu pima maelezo yenyewe. Wakati wa mapigano ya Longido, Novemba 1914, askari wengi wa Kijerumani walikuwa na Mauser ya 1871, yenye risasi nene ya milimita 11, si Mauser 98. Shehena kubwa ya bunduki mpya ilifika baadaye, kwa meli iliyopenya vizuizi vya Waingereza mpaka ghuba ya Manza mwezi Aprili 1915, kisha nyingine ikafika Sudi mwezi Machi 1916. Haimaanishi kwamba hapakuwa na Mauser 98 hata moja kabla ya hapo. Inamaanisha kwamba msimulizi amechagua bunduki ya bei kubwa pale ambapo historia ingempa ile ya bei ndogo. Hapo huwa nasimama kidogo.

Kuhusu mjukuu mbele ya kamera, muulize mambo matatu ambayo muuzaji hajamwandalia: babu yake alikuwa kampuni ya ngapi, bunduki ilifukuliwa mwaka gani, na ilikuwa imefungwa kwa nini. Silaha iliyokaa ardhini zaidi ya miaka mia moja katika udongo wa Longido, wenye chumvi na magadi, haitoki na herufi zinazosomeka vizuri pichani. Ubao wake huwa umeliwa na mchwa siku nyingi.

Lakini yote haya ni ya kujifurahisha akili, kwa sababu silaha iliyofukuliwa shambani haina leseni, na ukiilipia umenunua kesi. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi haina huruma na mtu anayesema kwamba ni kitu cha makumbusho. Anayeiona silaha kama hiyo anapaswa kutoa taarifa polisi, na serikali imewahi kutangaza zaidi ya mara moja vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha wenyewe. Ukitamani kuona vitu vya enzi ya Mjerumani bila hatari, Boma la Arusha, lililojengwa mwaka 1900, liko mjini hapo hapo, umbali wa nauli ya daladala moja.

SWALI: Sina bunduki. Nina medali tatu za babu, mbili za shaba zenye umbo la nyota na moja ya mviringo. Hazina jina lake popote. Jirani anasema bila jina ni za kuokota. Je, ni kweli?
Mama B., Pasua, Moshi

JIBU: Si kweli, Mama B. Medali za Uingereza za vita vya pili walizopewa Keya zilitolewa bila kuandikwa jina, nyota kwa medali za mviringo, kwa hiyo ukosefu wa jina hauondoi wala hauongezi kitu. Zile za vita vya kwanza ndizo zilizoandikwa namba, cheo na jina, na kwa zile za mviringo maandishi yako ukingoni, kwenye ule unene wa medali, mahali ambapo watu wengi hawatazami. Igeuze ile ya mviringo uipitishe ukingo wake wote kwenye mwanga wa dirisha. Kama ina mwaka 1914 upande wowote, kuna uwezekano kwamba ni ya mtu wa kizazi cha nyuma ya babu, na jina lake liko hapo. Ila usiisugue kwa dawa ya shaba wala majivu kabla ya kusoma, maana herufi za ukingoni ni nyembamba na ndizo za kwanza kufutika. Cheti cha kuachishwa jeshi kikipatikana, kiweke pamoja na medali hizo katika bahasha moja.